Kombe linaloota kutu chini ya mgomba

Wiki ya Krismasi, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hailali. Wachaga wanarudi nyumbani. Magari yanapita Same, yanapita Mwanga, yakifika Himo mengine yanakunja kulia kwenda Marangu na Rombo, mengine yananyoosha hadi Moshi mjini kabla ya kupandisha Uru, Kibosho au Machame. Usiku huo ni salamu, mtori na habari za walioolewa na waliozikwa.

Asubuhi yake, kwenye miji mingi ya mlimani, kuna safari nyingine fupi. Ni ya hatua 30 tu, kuzunguka nyuma ya nyumba ya baba. Pale, kati ya migomba na mibuni, chini ya turubai lililochanika au bati lililoinama, kuna gari. Matairi yamekaa chini. Kioo kimoja hakipo. Kwenye kiti cha nyuma kuku ameshachagua mahali pa kutagia.

"Hivi hili nalo bado lipo?" anauliza aliyetoka Dar.

Bado lipo. Ni Peugeot 404, au 504, au Volkswagen ya mgongo wa kobe, au Datsun ya zamani. Mzee alilipenda, akaliendesha mpaka spea zikakata, akaliegesha "kwa muda". Muda huo sasa una umri wa mtu mzima. Wakati watoto wanalitazama, huko barabarani kijana wa vyuma chakavu anapita na mkokoteni wake, na kelele zake zinasikika hadi uani.

Kabla hajaitwa, kuna jambo moja ambalo kila shabiki wa michezo katika nchi hii anapaswa kulijua. Kama gari hilo ni Peugeot 404, basi ni ndugu wa damu wa gari lililoipa Tanzania ubingwa wa Safari Rally. Mara mbili. Mfululizo.

BINGWA MARA MBILI, NANI ANAKUMBUKA?

Muulize shabiki wa Simba au Yanga matokeo ya watani wa jadi ya miaka ya nyuma, atakutajia na mfungaji. Muulize nani alishinda Safari ya 1966 na 1967, atakuomba umrudie kesho.

Jibu ni Bert Shankland na msoma ramani wake Chris Rothwell. Shankland alikuwa mzaliwa wa Scotland aliyefanya maisha yake Tanzania, na wawili hao walishindana kama watu wa Tanzania. Mwaka 1966 walishinda na Peugeot 404. Mwaka 1967 wakarudi na 404, wakashinda tena.

Ili kuelewa uzito wa kombe hilo, ni lazima kukumbuka Safari ya wakati ule ilikuwaje. Ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapakuwa na uwanja wala uzio. Magari yalikimbia kwenye barabara za kawaida, zilezile za malori ya mkonge na mabasi ya abiria, usiku na mchana, maelfu ya kilomita. Kila kituo kilikuwa na muda wake. Ukichelewa dakika, unaandikiwa adhabu. Mwishoni anashinda aliyeandikiwa adhabu chache zaidi.

Halafu yalikuja kufanyika wakati wa Pasaka. Yeyote aliyezaliwa Kilimanjaro anajua maana yake: masika. Vumbi la jana ni tope la leo. Mto mdogo uliouvuka kwa miguu asubuhi, jioni unabeba miti.

Takwimu zinajieleza. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Ni sawa na ligi inayoanza na timu kamili, halafu siku ya mwisho karibu zote hazina wachezaji wa kutosha kuingia uwanjani. Miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, na gari lao lilikuwa Peugeot 404. Ukijumlisha na mawili ya Shankland, 404 ilichukua Safari nne kati ya sita, kuanzia 1963 hadi 1968.

Haikuwa na injini kubwa. Ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita 1,618, gari la familia lililochorwa na Pininfarina wa Italia na kuanza kuuzwa 1960. Lakini ilisimama juu, springi zake ndefu zilimeza mashimo, na bodi yake ilivumilia kipigo. Wenye magari ya kasi walikwama au kuvunja ekseli, 404 ilifika. Kwa lugha ya mpira, ni ile timu isiyo na jina kubwa, haifungwi kirahisi, na dakika ya 90 bado inakimbia.

Ndiyo maana watu wa mlimani waliipenda. Mwalimu mkuu, daktari, mfanyabiashara na mkulima mkubwa wa kahawa, kila mmoja alihitaji gari la kushuka hadi mjini kwenye lami na kurudi juu kwenye utelezi. Safari yenyewe ilikuwa imeshawaonyesha gari gani linaweza.

KWA NINI WAZEE WALIEGESHA

Vijana wengi hudhani mzee aliliacha gari kwa uzembe. Historia inamtetea.

Kwanza, mashindano yenyewe yaliondoka. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Gunnar Palm kwenye Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Miaka miwili baadaye, 1974, njia yote ilikuwa ndani ya Kenya. Tanzania ikabaki kusikiliza redioni mashindano yaliyowahi kupita kwenye barabara zake.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kwa mtu wa Moshi hilo halikuwa jambo la magazetini. Taveta iko pua na mdomo na Himo, na Nairobi ndiko zilikokuwa spea. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, mafuta yakawa ya foleni, na Serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana.

Weka hayo yote kwenye gari moja. Pampu ya maji imekufa, mpya iko ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Fundi anabahatisha kwa spea ya gari lingine, inashika wiki mbili. Mzee analisukuma nyuma ya nyumba, analifunika, anasema tutaona mambo yakikaa sawa.

Mambo yalipokaa sawa, watoto walikuwa wanahitaji ada, na baadaye bandari ya Dar ikaanza kushusha magari ya Kijapani yaliyotumika, ambayo spea zake ziko kila kona. Peugeot ikapoteza namba. Haikufukuzwa kwenye timu, iliachwa benchi hadi ikasahaulika.

SOMO LA JOGINDER

Wanaosema gari bovu halirudi uwanjani hawamjui Joginder Singh.

Joginder alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, na kazi ya ufundi aliijulia kwenye gereji ya baba yake. Kabla hajawa dereva alikuwa mtu wa spana. Alianza kushindana kwenye Safari 1959.

Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544. Halikuwa jipya. Lilikuwa limeshatumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, limeshakula mashimo na mawe, na ndugu hao walilinunua hivyohivyo lilivyo. Wakalifungua, wakalitengeneza wenyewe, wakaliweka kwenye mstari pamoja na magari mapya ya timu za viwanda.

Wakashinda kwa tofauti ya dakika 100. Katika mashindano ambayo watu hugombania dakika moja moja, hiyo ni sawa na kufunga mabao matano ugenini.

Joginder alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, na watu wakambatiza Simba wa Kenya. Lakini waliomfahamu walivutiwa zaidi na hesabu nyingine: katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Sababu haikuwa mguu mzito. Alilijua gari kwa ndani, akajua lini linaumia kabla halijasimama. Hicho ndicho alichokipata kwenye gereji ya baba.

Wenzetu nje nao wanazijua thamani hizi. Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, haikuachwa ioze. Nissan wanayo Japan, na mwaka 2013 wafanyakazi wao wakaifufua. Tope lililoifanya maarufu ni la kwetu, la Afrika Mashariki. Gari liko kwao.

Na tangu 2003 yapo mashindano ya Safari Classic kwa ajili ya magari ya enzi hizo, ambayo katika baadhi ya miaka yamevuka hadi kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2011 yalishindwa na Björn Waldegård wa Sweden, bingwa wa dunia wa 1979 na mshindi wa Safari mara nne, akiwa na Porsche 911. Alikuwa na umri wa miaka 68. Aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea njia alikuwa mtoto wake, Mathias. Baba, mtoto na gari la zamani, wote watatu wakavuka mstari wa mwisho.

KIKAO KABLA YA SPANA

Turudi Kilimanjaro, nyuma ya nyumba. Kosa la kwanza wanalolifanya wengi ni kumwita fundi kabla ya kukaa kikao.

Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi kama lilivyo shamba la kahawa. Kwa mila za Wachaga kitinda mimba ndiye hubaki kwenye nyumba ya wazazi, na gari limeegeshwa uani kwake. Kaka mkubwa yuko Mwanza, anasema mzee alimuahidi yeye. Dada yuko Arusha, ndiye aliyelipa hospitali. Mama yupo, na mara nyingi ndiye pekee anayejua kadi ya gari imewekwa kwenye sanduku gani. Mmoja akichukua mkopo, akalifufua gari, likang'aa, ndipo wengine wanapokumbuka kuwa nao ni watoto.

"Wakati linaoza mlikuwa wapi?"

"Na wewe nani alikutuma?"

Maneno ya namna hiyo yamevunja undugu wa watu kwa ajili ya gari lisilo na matairi.

Utaratibu upo. Ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa na kuthibitishwa mahakamani. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema gari linabaki la familia, linapewa mmoja, au linauzwa. Kisha ndipo kadi inapelekwa TRA kuulizia namna ya kubadilisha jina, na kama gari bado lina namba za zamani za TZ, hilo nalo linamalizwa mapema. Kufufua gari ambalo haliwezi kuingia barabarani kihalali ni kusajili mchezaji asiye na kibali cha kucheza.

Na mama aulizwe. Kwa wengine gari lile ni kero la kuondolewa ili apande mboga. Kwa mwingine ndilo lililompeleka leba. Huwezi kujua bila kuuliza.

USIPIGE STATA

Kosa la pili ni betri. Mtoto amerudi na hamu, anaazima betri ya gari lake, anafunga, anageuza ufunguo. Injini iliyolala miaka 30 inalazimishwa kuamka kwa sekunde moja. Pistoni iliyoshikwa na kutu inakwaruza silinda, na pale palipohitaji usafi sasa panahitaji ovahoo.

Mafundi wanaoheshimu magari ya zamani huanza polepole. Mafuta ya tangini yanatolewa yote. Petroli ya siku nyingi hugeuka gundi na kuziba kabureta. Oili ya zamani inamwagwa. Plagi zinafunguliwa, oili nyepesi inatiliwa kwenye kila tundu, na gari linaachwa siku kadhaa. Hapo ndipo wenye Peugeot wanapokuwa na bahati: 404 na 504 zilitengenezwa na tundu la mbele la kuingizia chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Fundi anakiingiza, anasukuma taratibu bila kukiuka nguvu ya mkono. Ikigoma, anaacha, anaongeza oili, anarudi kesho.

Jambo jingine ni maji. Injini ya 404 ina silinda za kuchomoa, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Ni uzuri, kwa sababu silinda ikiisha unabadilisha yenyewe badala ya kutupa bloku nzima. Ni hatari pia, kwa sababu maji yaliyobaki humo miaka yote huzila kwa nje, na mipira ya chini ikichoka maji huingia kwenye oili. Ukifungua kifaa cha kupimia oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, jibu umeshalipata. Na kichwa cha injini kikishafunguliwa, injini haizungushwi tena ovyo kabla silinda hazijakazwa, maana zitanyanyuka na kuharibu mipira hiyo. Fundi asiyelijua hili si fundi wa gari hilo, hata kama ni bingwa wa Toyota mjini kote.

Breki ndizo zinazosahaulika. Watu hushangilia injini ikinguruma, wanasahau kwamba mlima una mteremko. Kutoka vijiji vya juu hadi Moshi mjini ni kushuka mamia ya mita kwa mwendo wa chini ya saa moja, na barabara za kona. Mabomba ya breki yaliyooza kwa ndani yanaweza kushika mara tatu na kukataa ya nne. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni breki kwanza, usukani na matairi pili, mbwembwe za injini baadaye. Tairi zilizopasuka kwa umri hazitumiki hata kama bado zina meno.

ADUI NI UNYEVU

Moshi mjini ni joto. Ukipanda juu ya mita 1,200 au 1,500, mambo ni mengine: mvua za masika, mvua za vuli, umande, na kivuli cha migomba kisichoruhusu jua kukausha chuma. Gari lililoegeshwa tambarare hufa kwa jua, rangi na mipira vikikauka. La mlimani huliwa kutoka chini.

Kwa 404 hilo ni kubwa kwa sababu halina chasisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya rangi, ondoa mazulia, chukua bisibisi, gonga sakafu, gonga chini ya milango, gonga pale springi za mbele zinaposhikilia. Pakitoa sauti ya chuma, shukuru. Bisibisi ikizama, fundi wa kuchomelea ndiye kocha wako mkuu kwa miezi inayofuata.

Hapa ndipo familia nyingi hupigwa chenga. Fundi rangi asiye mkweli hujaza pati kwenye matundu, anapiga rangi inayong'aa, gari linapigwa picha Krismasi. Masika yakija, pati inaanguka na kipande cha mlango. Kazi ya kweli ni kukata bati lililooza mpaka kwenye chuma kizima, kukunja bati jipya na kulichomelea. Inachukua muda na haionekani kwenye picha.

Kazi hiyo Kilimanjaro haikosi watu. Mlima huu ulikuwa na wahunzi kabla ya magari kuzaliwa. Wa Mamba walifua mikuki iliyonunuliwa na Wamaasai. Leo Moshi ina chuo cha VETA, ina karakana za mitaani ambako bati la bonde lolote linakunjwa kwa nyundo na gogo, na ina wazee wachache waliofungua 404 zilipokuwa mpya. Hao wazee ndio wa kuwahi. Spea inaweza kutafutwa mwaka ujao, lakini ujuzi wa mzee wa miaka 80 hauna akiba.

Spea zenyewe hutafutwa kwa miguu na simu. Nairobi bado ni soko, hasa maduka ya Kirinyaga Road, kwa kuwa Kenya ilitumia Peugeot kwa wingi na 504 iliunganishwa hukohuko. Nyingine huagizwa Ufaransa, ambako klabu za wapenzi wa magari hayo zimezifanya spea ziendelee kutengenezwa. Na nyingine ziko kijiji cha jirani, kwenye 404 nyingine iliyokwisha kabisa. Magari mawili mabovu yanaweza kutoa moja zima. Ndiyo sababu kila moja linalokwenda kwenye mizani ya vyuma chakavu linapunguza uwezekano wa mengine yote.

KIASI GANI KIBAKI CHA MZEE?

Pesa ikipatikana, huja kishawishi. Toa injini ya zamani, weka ya Toyota. Ondoa gia ya kwenye usukani, weka ya chini. Viti vya ngozi, rimu pana, muziki. Wanaofanya hivyo wana hoja: gari litatembea kesho, na fundi yeyote atalitengeneza.

Lakini kwa wanaolipenda kwa ajili ya mzee na kwa ajili ya Safari, kuna mstari. Injini na gia ya usukani ndivyo vinavyoifanya 404 kuwa 404. Hata mikwaruzo mingine ina haki ya kubaki. Sehemu ya usukani iliyolainishwa na kiganja cha baba, stika ya kanisa kwenye kioo, kijitabu cha sevisi chenye mwandiko wake, hivyo haviuzwi Kirinyaga Road. Breki, taa, nyaya na matairi vinaweza kuwa vya leo, na ni lazima viwe salama.

Familia isiyo na uwezo sasa hivi nayo haijashindwa. Gari likihamishwa kutoka kwenye mgomba hadi chini ya bati zima, likainuliwa juu ya matofali, likafukuzwa panya, likamwagiwa maji ya zamani na oili ya zamani, likawekwa kadi mahali pamoja na ufunguo, limenunua miaka kumi. Gharama yake ni bati chache na siku moja ya likizo. Hiyo ni sare ya ugenini, na sare ya ugenini huokoa msimu.

TIMU IKISHUKA HUPANDA

Mashabiki wa Moshi wanajua kupoteza. Uwanja wa Ushirika ulijaa Polisi Tanzania ilipokuwa Ligi Kuu. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, na Jumamosi zikawa ndefu. Ila timu ikishuka inaweza kupanda. Jezi ipo, uwanja upo, watoto wanakua.

Safari nayo ilishuka. Iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikasubiri, ikarudi 2021 huko Naivasha, na dunia nzima ikatazama tena magari yakizama kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Kilichowasaidia Wakenya kurudi ni kwamba hawakuruhusu historia yao ifutike. Magari yalihifadhiwa, majina yalitajwa, watoto walisimuliwa.

Tanzania nayo ina historia yake, ya 1966 na 1967. Haipo kwenye kabati la kioo Dar es Salaam. Sehemu yake iko kwenye miji ya watu Kibosho, Old Moshi, Marangu na Mwika, imefunikwa na turubai, imekaliwa na kuku. Gari likipimwa kwa kilo, hakuna ligi ya kulipandisha tena.

Kwa hiyo Desemba ijayo, baada ya mtori, kijana wa mkokoteni akipita na kelele zake, asubiri kidogo barabarani. Muulizeni mama ufunguo uko wapi. Toeni kuku. Fungueni plagi, mwageni oili kidogo kwenye kila tundu, mkanywe chai. Kesho yake mmoja aingize kile chuma mbele ya bampa na ajaribu kukizungusha kwa mkono, taratibu.

Kikisogea hata nusu mzunguko, mechi bado haijaisha.